Sukari ya Alasiri

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe akiwa safarini kukitafuta chanzo cha mto Nile, akapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Ikuluni alikuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinenepeshwa kwa maziwa hadi wengine hawawezi kusimama. Speke hakuridhika na kutazama. Alitoa tepu, akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua, paja na shavu la mguu. Ili akubaliwe, ilimbidi naye aonyeshe mikono na miguu yake mitupu. Vipimo vile akaviingiza katika kitabu chake cha mwaka 1863, na dunia ikavisoma.

Hiyo ni mojawapo ya kumbukumbu za kale zilizoandikwa kuhusu mwili wa mwanamke wa Karagwe, na ina kasoro ambayo bado hatujaiponya. Mama yule alipimwa kwa bidii sana, ila hakupimwa kile kilichomhusu yeye.

Leo mjamzito wa kata ya Rugu, wilayani Karagwe, anapimwa mengi kuliko yule mama wa ikulu. Anapimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende na malaria, na kimo cha mimba kwa tepu. Kadi yake ya kliniki inajaa. Makala haya yanamhusu mama mmoja ambaye kadi yake, hata ikijaa, ina pengo. Ana ugonjwa wa lupasi, anameza dawa zake kila asubuhi, na sukari yake inapanda saa ambayo nesi ameshafunga daftari.

Madaktari wamelijadili kwa miaka swali hili: je, lupasi humwongezea mjamzito hatari ya kupata kisukari cha mimba? Jibu fupi ni kwamba ugonjwa wenyewe haujaonekana kufanya hivyo kwa uwazi, bali dawa yake kuu hufanya. Jibu refu ndilo lenye faida kwa msomaji wa Karagwe na Kyerwa, maana huko kuna maswali mengine mawili yanayotangulia. La kwanza ni kama mama huyo anajua jina la ugonjwa wake. La pili ni kama anajua jina la vidonge anavyomeza.

Tuanze na ugonjwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika lupasi, kikulacho ki damuni mwako. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, humgeukia mwenyewe: leo viungo, kesho ngozi, siku nyingine figo, mapafu au damu. Jina lake ni la Kilatini, maana yake mbwamwitu, kwa kuwa waganga wa Ulaya ya kale waliona vidonda vya usoni mwa wagonjwa vikifanana na vya mtu aliyeng'atwa na mnyama huyo. Karagwe haina mbwamwitu wa Ulaya. Kama jina lingetungwa huku, tungeuita fisi na kila mtu angeelewa.

Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Marekani na Uingereza, wanawake wenye asili ya Afrika huugua zaidi kuliko wazungu, na mara nyingi huugua vikali zaidi. Hata hivyo, kwa miaka mingi maandiko ya kitabibu yalisema kuwa Afrika kwenyewe lupasi ni adimu. Inawezekana kuna sababu za kweli zilizojificha katika mazingira. Lakini kuuthibitisha ugonjwa huu kunahitaji vipimo vya damu vya kutafuta chembe za kinga zinazoushambulia mwili, na vipimo hivyo havipo katika zahanati ya kijiji. Kutoka Kayanga, mji mkuu wa wilaya ya Karagwe, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Ugonjwa usiopimwa huwa adimu sana.

Usipopimwa haimaanishi kwamba haupewi jina. Unapewa, tena mengi. Homa isiyoisha inaitwa malaria, na nesi hawezi kulaumiwa kwa hilo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Kagera, mkoa wenye Karagwe na Kyerwa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria, ambako asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Viungo vinavyokakamaa asubuhi vinaitwa baridi yabisi. Uchovu wa kushindwa kuinua jembe unaitwa uvivu, hasa na mama mkwe. Upele unaotanda mashavuni na juu ya pua, ukizidi mama anapokaa juani shambani, unaitwa mzio wa sabuni.

Kuna jina jingine ambalo Kagera inalijua kuliko mkoa wowote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka huku mwaka 1983, wakati watu walipouita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo iliyovuka mpaka kutoka Uganda. Kizazi kilichozika ndugu miaka ile hakijasahau sura ya ugonjwa. Kwa hiyo mwanamke aliyekonda, mwenye vidonda mdomoni, nywele zikimtoka, anahukumiwa na macho ya majirani kabla ya kufika maabara. Hata maabara nayo inaweza kumponza. Vipimo vya zamani vya kaswende, VDRL na RPR, vinajulikana kutoa majibu ya uongo kwa baadhi ya wenye lupasi, kwa sababu chembe zao za kinga hukidanganya kipimo. Mama anakwenda kliniki na mumewe kama serikali inavyohimiza, wanarudi nyumbani hawasemezani, na mwenye kosa ni kemia.

Tuseme sasa kwamba mama wetu amevuka vikwazo hivyo vyote, au hakuvivuka ila amepata nafuu. Nafuu hiyo, kwa sehemu kubwa, jina lake ni prednisoloni.

Dawa hii ni ya ukoo wa steroidi, na ukoo huo uliingia duniani kwa kishindo. Mwaka 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench na mwanakemia Edward Kendall walimpa kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuona bei ya muujiza: sura kuvimba, mifupa kulegea, maambukizi kuongezeka, na sukari kupanda.

Prednisoloni ilikuja katika miaka ya 1950 na imebaki kuwa tegemeo kwa sababu ni rahisi na inafanya kazi haraka. Kwa sheria ni dawa ya cheti cha daktari. Kwa mazoea, katika miji mingi midogo ya nchi hii, ni vidonge vidogo vyeupe ndani ya kibahasha cha karatasi kisicho na jina, vilivyoandikwa "1x2" kwa kalamu. Mnunuzi anaambiwa ni vya maumivu. Si uongo, maana maumivu kweli yanaondoka. Kilichobaki hakuambiwa.

Sasa tuje kwenye mimba. Kwa mjamzito yeyote, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoidhoofisha insulini ya mama, ili sukari ichelewe kidogo damuni na mtoto apate sehemu yake. Ni mpango wenye busara. Kongosho la mama hujibu kwa kuongeza insulini, na wengi hufika mwisho wa safari bila tatizo. Kongosho likizidiwa, kwa kawaida baada ya wiki ya 24, sukari hupanda na hapo ndipo tunasema ni kisukari cha mimba. Mtoto aliyemo hula kuliko mahitaji yake, anakuwa mkubwa, uzazi unakuwa mgumu, na mara tu baada ya kuzaliwa sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla, kwa sababu kongosho lake lilishazoea karamu.

Prednisoloni inafanya kazi ileile ya kondo la nyuma, ila haina busara yake. Inaliamuru ini kumwaga sukari zaidi, na inaizuia misuli isiipokee. Mjamzito mwenye lupasi anayeitumia ana wadai wawili kwenye kongosho moja. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoibadilisha sehemu kubwa ya prednisoloni kabla haijamfikia mtoto, na hiyo ndiyo sababu madaktari huichagua kwa wajawazito kuliko ndugu zake kama deksamethasoni. Mtoto ana kondo la kumkinga. Mama hana.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa pamoja wa tafiti mbalimbali kuhusu jambo hili. Kwa jumla, wajawazito wenye lupasi hawakuonekana kuugua kisukari cha mimba kwa tofauti iliyo wazi na wenzao wasio na lupasi. Waliotumia steroidi ndio waliojitokeza kuwa hatarini zaidi. Hilo lisisomwe kama ruhusa ya kutupa vidonge. Lupasi iliyoachwa iwake ndani ya mimba huweza kumuua mtoto na hata mama, na prednisoloni ikiachwa ghafla baada ya kutumiwa muda mrefu humwangusha mtu, kwa sababu mwili wake umesahau kujitengenezea homoni ya aina hiyo. Dozi hupunguzwa na daktari, hatua kwa hatua, hadi kiwango cha chini kinachotosha. Miongozo ya sasa inapendekeza isizidi miligramu 5 kwa siku pale inapowezekana, na mimba ibebwe baada ya ugonjwa kutulia kwa angalau miezi sita.

Hapa msomaji makini atauliza: kisukari cha mimba vijijini kwetu kipo kweli? Swali hilo lina historia, na historia yenyewe inachekesha kidogo. Mwaka 1991 Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walichapisha utafiti wa wajawazito wa vijijini Tanzania na kuripoti kuwa mimba haikuharibu uwezo wa miili yao kuihimili sukari. Mwaka 2014 utafiti mwingine uliolinganisha mji na kijiji nchini humu ulikuta asilimia 8.4 mjini na asilimia 1 kijijini. Mwaka 2018 watafiti wa Kilimanjaro waliripoti asilimia 19.5, karibu mjamzito mmoja kati ya watano. Ukizisoma harakaharaka utadhani janga limepanda mlima. Ukweli ni kwamba vyote viwili vimetokea: maisha yamebadilika, na rula nayo imebadilishwa. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kisukari cha mimba kimeanza sukari ya kabla ya kula ikifika milimoli 5.1 kwa lita, au saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ikifika 10.0, au baada ya saa mbili ikifika 8.5.

Namba hizo zilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia zaidi ya wajawazito 23,000 katika vituo 15 vya nchi tisa. Palikuwa na Marekani, Uingereza, Australia, Thailand, hata Barbados. Nchi ya Afrika haikuwamo hata moja. Mama wa Rugu anapimwa kwa rula iliyokatwa Chicago na Bangkok. Haimaanishi rula ni mbovu, maana damu ya binadamu haina paspoti. Inamaanisha tu kwamba hatukuwepo ilipokatwa, na tukipewa rula ya mtu ni vizuri kujua inapima nini na inapima saa ngapi.

Saa ngapi: ndipo penye kiini cha jambo.

Prednisoloni humezwa asubuhi, kwa kawaida baada ya kifungua kinywa, ili isimnyime mtu usingizi. Nguvu yake juu ya sukari huonekana saa kadhaa baadaye. Sukari hupanda baada ya chakula cha mchana, hubaki juu alasiri na jioni, kisha hushuka usiku. Kukicha, kabla ya kula, inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Sasa tazama ratiba ya kliniki. Wajawazito hufika asubuhi. Mwenye bidii ameondoka nyumbani alfajiri, ameshuka na kupanda vilima kwa miguu au kwa bodaboda, hajatia kitu mdomoni.

"Mama, umekula?"

"Sijala, nesi."

"Vizuri sana."

Mashine ya sukari, kama ipo na kama vijiti vyake havijaisha, inasoma 4.6. Nesi anaandika, mama anafurahi, na wote wawili wamefanya kama walivyofundishwa. Saa 9 alasiri, mama akiwa jikoni anamenya ndizi, sukari yake inaweza kuwa 11, na jikoni hamna kadi.

Mahali pasipo na mashine hubaki mkojo. Kadi ya mjamzito ina mstari wa sukari kwenye mkojo, na mstari huo una heshima ya uzee. Tatizo ni kwamba figo za mjamzito huvujisha sukari kwa urahisi, hivyo mkojo unaweza kuonyesha sukari kwa asiye na kisukari, na ukakaa kimya kwa mwenye nacho. Ni shahidi anayesema asipoulizwa na kunyamaza akiulizwa. Kipimo kamili, kile cha kunywa glukosi na kutoa damu mara tatu ndani ya saa mbili, kinahitaji hospitali, kwa mfano Nyakahanga, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya Karagwe. Kwa mama anayetumia steroidi, safari hiyo inafaa nauli yake. Lakini hata kabla ya nauli kupatikana, kuna jambo ambalo zahanati yenye mashine inaweza kufanya wiki hiihii: kumwambia mama huyu mmoja asije asubuhi, aje saa moja au mbili baada ya chakula cha mchana. Wataalamu wengi hutaka sukari ya mjamzito mwenye kisukari iwe chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Tone moja la damu, kijiti kilekile, saa tofauti.

Lipo tukio jingine la kuangalia. Wenye lupasi hujifungua kabla ya wakati mara nyingi kuliko wengine, na mama anayeelekea kujifungua mapema hupewa sindano za steroidi ili kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizo ni nzuri na zimeokoa vichanga wengi. Kwa siku chache baadaye sukari ya mama hupaa. Siku hizo ni za kumfuatilia kwa karibu, si za kumtangazia mwanamke kuwa ana kisukari kwa kipimo kimoja.

Na tepu ya Speke? Bado ipo kazini, kwa heshima zaidi. Nesi huitumia kupima kimo cha mimba, ajue kama mtoto anakua. Lupasi, hasa ikigusa figo au mishipa ya kondo la nyuma, humdumaza mtoto. Sukari humkuza kupita kiasi. Mama mwenye vyote viwili anaweza kupata kipimo kilichokaa katikati, kizuri kwa macho, matokeo ya makosa mawili yaliyokutana njiani yakasalimiana. Ndiyo maana kwake yeye tepu haitoshi. Anahitaji ultrasaundi, shinikizo la damu linaloangaliwa kila anapohudhuria, na mkojo unaopimwa protini, kwa kuwa kifafa cha mimba huwaandama wenye lupasi na wenye sukari vilevile. Madaktari huwapa wenye lupasi aspirini ya dozi ndogo tangu mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba kwa sababu hiyo.

Wapo watakaouliza chakula. Hapa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, chakula maana yake ni ebitoke, yaani ndizi. Anayekuja kutoka mjini na kumwambia Mnyambo, mwenyeji wa huku, aache ndizi atasikilizwa kwa adabu, kisha atakaribishwa ndizi. Na hana sababu ya kusema hivyo. Ndizi mbichi iliyopikwa na maharage, mboga za majani na samaki au nyama kidogo si adui wa mjamzito. Maharage yenyewe huichelewesha sukari kuingia damuni. Shida ni wingi kwa mkupuo mmoja, na prednisoloni humpa mtu njaa isiyo na aibu. Shida kubwa zaidi iko kwenye kikombe: chai iliyokolezwa, uji wenye sukari vijiko vinne kwa nia njema ya bibi, soda anayoletewa mjamzito kama zawadi, maji ya ndizi mbivu. Mkoa una kiwanda chake cha sukari kule Missenyi, na uzalendo ni jambo zuri, ila si lazima uonyeshwe kwa kijiko. Sahani igawanywe mara nyingi, mlo wa mchana upunguzwe ukubwa kwa kuwa ndio unaokutana na dawa, na mama atembee kidogo baada ya kula. Sukari isiposhuka kwa hayo, kuna metformini na insulini, na insulini huhifadhika hata pasipo na friji, ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Limebaki moja, na ndilo linaloumiza kwa utamu wake. Dawa inayopendekezwa kwa karibu kila mjamzito mwenye lupasi, inayotuliza ugonjwa, inayosaidia dozi ya prednisoloni ishuke, na ambayo tafiti zimeihusisha na kupungua kwa kisukari kwa watumiaji wake, inaitwa haidroksiklorokwini. Ni ndugu wa damu wa klorokwini. Msomaji aliyevuka miaka 35 anaikumbuka klorokwini: vidonge vichungu, na mwasho wa usiku kucha uliomfanya mtu ajikune kama aliyelala kwenye upupu. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kwa sababu malaria ilikuwa imeizoea, ikaja SP, kisha dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Uamuzi ulikuwa sahihi. Wakati huohuo, tangu daktari Francis Page wa London alipoandika mwaka 1951 juu ya dawa ya malaria iliyowasaidia wagonjwa wake wa lupasi, ukoo huu wa dawa ulikuwa ukipata kazi ya pili. Kwa miongo kadhaa dawa ya ukoo huo ilikuwa dukani katika kila kijiji cha Kagera, ikitibu ugonjwa mmoja. Leo binamu yake anatibu ugonjwa mwingine, na kumpata lazima usafiri. Mtu asikimbilie kutafuta klorokwini ya zamani kabatini: dozi ni tofauti na macho yanaweza kuharibika. Daktari aulizwe, na aulizwe kwa jina.

Majina, basi, ndiyo kiini cha hatari hii. Kisukari cha mimba kwa mwenye lupasi si radi inayopiga bila wingu. Kina dawa inayokichochea, kina saa yake ya kuonekana. Kinachokificha ni kwamba aliyeuza vidonge hakumwambia mama jina lake, mama hakumwambia nesi, nesi hakuuliza, na daktari wa viungo, mmoja wa mabingwa wachache wa magonjwa hayo nchini, hajui kuwa mgonjwa wake ni mjamzito. Kila mmoja ana kipande chake cha habari. Kadi ya kliniki ndiyo karatasi pekee inayosafiri na mama kutoka zahanati hadi hospitali, na sehemu ya pembeni ya kadi hiyo haina gharama.

Iandikwe pale, kwa kalamu ya kawaida: ana lupasi, anatumia prednisoloni, miligramu kadhaa, tangu mwezi fulani. Sentensi hiyo moja ingembadilishia nesi kazi yote. Angejua kupima sukari alasiri. Angejua kuuliza kabla ya kumpa SP ya kukinga malaria, maana dawa za kundi la salfa huweza kuwaletea mzio au kuuamsha ugonjwa baadhi ya wenye lupasi. Angejua kuwa majibu ya kaswende yarudiwe kwa kipimo kingine kabla ya kuvunja nyumba. Angejua kutomtoa kwenye orodha baada ya kujifungua, kwa kuwa aliyepata kisukari cha mimba anatakiwa kupimwa tena wiki 6 hadi 12 baadaye, na hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu maishani ni takriban mara saba ya mwenzake asiyewahi kukipata.

Kwako mama wa Rugu, wa Nkwenda, wa Murongo, au binti uliyeko mjini unayemtumia mama mdogo wako hela za dawa: kibahasha kisicho na jina usikipokee. Muulize muuzaji jina, mwambie aliandike. Ukienda kliniki, kibebe na ukiweke mezani mbele ya nesi kabla hujaulizwa. Kisha mwombe akupime sukari mchana, baada ya kula.